Propela ya kijani juu ya mlango wa dani: wapenzi wa ndege za zamani wa Kisumu na Nakuru, njooni hapa

#1 Jakano (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Uzi huu ni mrefu, mwenye nafasi avute kiti.

Wiki iliyopita tulikuwa Ahero kubadilisha mabati ya nyumba ya dani, yaani nyanya yetu. Juu ya mlango wa mbele kulikuwa na ubao mrefu uliopakwa rangi ya kijani ileile ya mlango. Sisi wajukuu tumekua tukiuona pale. Kuku walilala juu yake, na mvua ikinyesha tulitundika makoti. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nini. Ulikuwa ubao wa babu, basi.

Fundi wa mabati aliung'oa akaulaza kwenye nyasi, na hapo ndipo nilipoutazama kweli. Katikati ni mnene kama paja, halafu unakwenda ukiwa mwembamba kuelekea ncha zote mbili, huku umejinyonga kidogo. Upande mmoja ni bapa, wa pili una mgongo. Katikati pana tundu kubwa, na kulizunguka kuna matundu madogo yaliyozibwa kwa udongo wa nyigu. Nilipitisha kidole gumba ukingoni nikahisi baridi ya chuma. Nikakwaruza kwa ukucha, rangi ikabanduka, chini yake ikang'aa shaba ya manjano iliyopigwa ribiti ndogondogo kama punje za mtama.

Wakuu, hiyo ni propela ya ndege.

Babu alifariki mimi nikiwa darasa la pili. Ninachojua ni kwamba ujanani alifanya kazi Kisumu kwenye zile ndege za kutua ziwani, alikuwa mmoja wa vijana wa mashua waliodaka kamba. Baada ya vita akaenda Nairobi, akarudi nyumbani na pensheni ndogo na ubao huu. Kwa hiyo naamini ni wa zile ndege za majini. Nimeupima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 195, ncha hadi ncha.

Shida ni baba mdogo. Anataka kuupiga msasa, aupake vanishi, autundike sebuleni kwake Kondele. Amesema Jumamosi. Nisaidieni haraka.

#2 FundiMstaafu, Nakuru

Jakano, mwambie baba yako mdogo aweke msasa chini. Nakuomba kama mzazi.

Nilikuwa fundi wa ndege ndogo kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa Uwanja wa Wilson, Nairobi. Propela ya mbao haichongwi kwenye gogo moja. Ni mbao nyembamba, mara nyingi mkangazi, zilizogundishwa moja juu ya nyingine kisha zikachongwa. Ukitazama vizuri utaona mistari ya gundi ikikimbia kama ramani ya milima. Waingereza walikuwa wakigonga maandishi kwenye kitovu chake: namba ya mchoro, jina la injini, herufi D na P zikifuatwa na tarakimu. D ni kipenyo. P ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inajikaza ndani ya kitu kigumu, mfano wa skrubu kwenye mbao. Maandishi hayo yana kina cha unywele. Msasa ukipita mara mbili yamekwenda, na ubao wako utabaki ubao.

Nieleze mambo mawili. Kwanza, je, maandishi yako pale chini ya rangi? Pili, ulaze chini, upande wenye mgongo ukikutazama. Zungusha hadi ncha moja ielekee juu, yaani mbali nawe. Ukingo wenye shaba uko kulia au kushoto?

Na kuhusu zile ndege za ziwani, samahani, sidhani. Ndege boti kubwa za kampuni ya Short za mwaka 1937 zilikuwa na injini nne za Bristol Pegasus, kila moja nguvu za farasi 920, na propela zake zilikuwa za chuma zenye mapanga matatu. Sentimita 195 ni propela ya ndege ya injini ndogo.

#3 MwanaWaUsoma, Kisumu

Mzee Fundi amesema kweli, lakini babu yako asipite hivihivi, Jakano. Kazi aliyofanya ni historia ya mji wetu na watoto wa Kisumu hawafundishwi.

Februari 1931 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, na Kisumu ilikuwa njiani. Kipande cha kutoka Khartoum kuja huku kilirukwa na ndege boti aina ya Short Calcutta, zikifuata Mto Nile hadi ziwani. Januari 1932 njia ikafika Cape Town. Abiria alishuka kwenye maji hapa Kisumu, akapanda ndege ya magurudumu aina ya de Havilland Hercules, akaendelea Nairobi na kusini. Yaani Kisumu ndipo watu walipobadilisha ndege. Reli ilikuwa imefika 1901, meli zilikuwepo, na sasa barua ya Uingereza ilikuwa inashuka kutoka mawinguni.

Mwaka 1937 zikaja zile kubwa za Empire, ndege boti moja kwa moja kutoka Southampton hadi Durban. Khartoum, Malakal, Juba, Port Bell, Kisumu, kisha Mombasa na kuteremka pwani yote. Mabawa yake yalikuwa karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha. Hebu pima mita 35 ufukweni Dunga ndipo utaelewa kijana wa miaka kumi na tisa aliona nini akiwa ndani ya mashua, kamba mkononi, kitu hicho kikimjia juu ya maji.

Na kazi ya vijana wale haikuwa kamba tu. Maji yakitulia kama kioo, ndege boti hung'ang'ania uso wa ziwa, haitaki kuachia. Mashua ilikuwa inatangulizwa kuyavuruga maji na kuondoa kila kilicho njiani, mtumbwi, gogo, kiboko. Siku hizi nikisimama pale na kuona gugu maji limefunika ghuba hadi mbali, huwa nawaza kwamba hata zingerudi zisingepata pa kutua.

Zilitengenezwa 42 za ukoo ule wa Empire. Hakuna hata moja iliyobaki duniani. Si nusu, si mabaki ya makumbusho. Hakuna. Ndiyo maana watu kama babu yako walikuwa makumbusho yenyewe.

#4 JiraniWaLanet

Naufuatilia uzi huu kwa karibu. Sisi tuliokulia Lanet ndege zilikuwa saa yetu ya ukutani. Je, haiwezi kuwa ya Chipmunk? Jeshi letu la anga lilipoanzishwa Juni 1964 lilianza na Chipmunk za mafunzo na Beaver. Baba alikuwa akizitaja sana.

#5 FundiMstaafu

Wazo zuri, Jirani. Injini ya Chipmunk ni ya ukoo huohuo ninaoufikiria. Lakini Chipmunk nyingi zilivaa propela ya chuma. Tumsubiri Jakano.

#6 BintiNjoro

Samahani nachepuka kidogo, ila Fundi amenikumbusha mbali.

Mimi ni wa Njoro. Nikiwa mdogo, msimu wa ngano ukifika, ndege ya kunyunyizia dawa ilikuwa inakuja alfajiri kabla upepo haujaamka. Ilipita chini hivi kwamba ngano ililala nyuma yake kama nywele zilizochanwa. Mwisho wa shamba inapanda wima, inageuka, inarudi. Mama alitufungia ndani kwa sababu ya dawa, nasi tulitazama kupitia ufa wa dirisha. Hapo ndipo nilipoamua.

Mwalimu wetu wa historia hakutuambia kwamba Njoro hiyohiyo ilimlea Beryl Markham. Aliletwa Kenya akiwa na miaka minne, baba yake alifuga farasi na kuendesha kinu pale. Akafunzwa urubani na Tom Campbell Black, akafanya kazi ya kubeba barua na abiria na kutafuta ndovu kutoka angani. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, akielekea magharibi, upepo ukimpinga njia yote. Baada ya zaidi ya saa ishirini injini ikakosa mafuta, akatua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, pua ya ndege ikazama matopeni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika Kaskazini. Ndege yake, Percival Vega Gull, ilikuwa na usajili wa VP-KCC. Hiyo VP-K ni Kenya. Wenye albamu za zamani, mkiona VP-K ubavuni mwa ndege jueni ni picha ya enzi za ukoloni. Baada ya uhuru tukapewa 5Y, Uganda 5X na Tanzania 5H.

Nilianza masomo nikiwa na miaka thelathini na mbili, kwa pesa za viazi. Nawaambia wanaotamani: leseni ya kurusha ndege binafsi inahitaji angalau saa arobaini angani, na kila saa unailipia. Mimi nililipia moja moja, mwezi kwa mwezi, kuna msimu nilikaa miezi mitano bila kugusa usukani. Ila sikuwahi kujuta.

#7 JiraniWaLanet

Dada, tueleze kidogo kuruka huku kwetu kukoje. Nasikia Nakuru inasumbua ndege ndogo.

#8 BintiNjoro

Inasumbua anayeidharau. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi, na injini isiyo na kipuliza hewa inapumua hewa ileile tunayopumua. Chukua Cessna 150, injini ya Continental yenye nguvu za farasi 100. Hizo 100 ni za Mombasa. Ukiwa Nakuru saa nane mchana, jua kali, nyuzi joto 28, hewa inafanana na ya futi elfu tisa, na zile 100 zinabaki sabini na kitu. Mabawa nayo yana hewa chache ya kukamata. Kwa hiyo unakimbia barabara ya kiwanja, unakimbia, unatazama mwisho wa kiwanja ukija, na ndege bado inafikiria.

Mwalimu wangu alinifundisha kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko hadi injini ilainike kabla ya kuruka. Mwanafunzi wa Mombasa anaweza kulisahau hilo na akaishi. Sisi hatuwezi. Pia alinikataza kuondoka baada ya saa nne asubuhi nikiwa na abiria, na sijawahi kuvunja amri hiyo.

Na kila asubuhi, hata kama nimechelewa, nachota mafuta kidogo chini ya kila bawa kwenye kikombe cha plastiki angavu na kukiinua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege ndogo yana rangi ya buluu hafifu, kama maji ya kufulia nguo nyeupe. Maji yakiwemo yanakaa chini kama tone la kioo. Siku moja niliyaona. Nilichota mara saba hadi yakaisha. Siku hiyo nilikuwa niende Menengai kuangalia kreta na kurudi, safari ya dakika ishirini. Nikiwa juu ya kreta mikono ilikuwa inanitetemeka kwa kufikiria lile tone.

#9 Jakano (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi Ahero. Baba mdogo nimemsomea uzi wote kwa simu, amekubali kusubiri lakini anasema mna maneno mengi.

Mzee Fundi, nimefanya ulivyosema. Nimelaza, mgongo juu, ncha mbali nami. Ukingo wa shaba uko KULIA.

Maandishi sijayaona, rangi ni nene, naona kuna tabaka la kijani juu ya la buluu. Nifanye nini?

#10 FundiMstaafu

Kulia! Sasa sikiliza.

Injini za Marekani ambazo zimejaa viwanja vyetu, Lycoming na Continental, ukizitazama ukiwa umesimama mbele ya ndege, propela inazunguka kinyume cha saa. Injini za Gipsy za de Havilland zinazunguka kufuata saa. Ukingo wa shaba ndio unaotangulia kukata hewa. Kama uko kulia propela ikielekea juu, basi inafuata saa. Kwa hiyo propela yako haikutengenezewa Cessna wala Piper. Naona Gipsy, Jakano. Rubani aliyezoea Cessna akipanda Tiger Moth, ndege yenye Gipsy, kwa mara ya kwanza anakanyaga mguu usio wake, kwa sababu ndege inavutwa upande ambao hakuutarajia.

Rangi: usitumie kemikali kali ya kuondolea rangi, itakula gundi. Usitumie kisu. Chonga kijiti cha mianzi kiwe bapa kama ukucha. Vaa pamba kwenye kijiti kingine, lowesha spiriti kidogo tu, jaribu mahali padogo pasipoonekana. Ukiona rangi ya kahawia inatoka kwenye pamba, simama, hiyo ni vanishi ya kiwandani na tunaitaka ibaki. Fanya kitovu peke yake, eneo la kiganja. Mapanga yaache na kijani chake.

Najua wengi watashangaa: kwa nini tuache rangi ya mlango? Kwa sababu hiyo nayo ni historia. Dani yako alipaka mlango na propela siku moja, kwa brashi moja. Ukiitoa huwezi kuirudisha. Katika kazi ya kuhifadhi, sheria ya kwanza ni kutofanya jambo usiloweza kulitengua.

#11 MwanaWaUsoma

Mzee, hapo umegusa mjadala mkubwa. Kuna wanaoona kwamba ndege isiyoruka ni maiti. Nikiitazama DH.88 Comet nyekundu iliyoshinda mashindano ya Uingereza hadi Australia mwaka 1934, ambayo mmoja wa marubani wake wawili alikuwa Campbell Black huyohuyo aliyemfunza Beryl, ilikaa miaka mingi bila kuruka halafu watu wakairudisha angani. Iko Old Warden, Uingereza, na inaruka. Moyo wangu uko huko.

#12 FundiMstaafu

Nami moyo wangu unakwenda huko, lakini mikono yangu inajua gharama. Ukitaka ndege ya mbao na kitambaa iruke tena, kila gundi ya zamani inakuwa mshukiwa. Unabadilisha ubao, kitambaa, waya, bolti. Ukimaliza una ndege nzuri na salama, na ndani yake sehemu za kale ni chache.

Upande wa pili, makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza pale Hendon yana Halifax, ndege ya kudondosha mabomu, iliyotua kwenye ziwa la barafu Norway mwaka 1942 ikazama. Waliitoa mwaka 1973. Hawakuijenga upya. Imekaa kama ilivyotoka majini, imeliwa, imechanika. Nimeona picha zake mara nyingi na sijaona ndege inayosema zaidi ya ile.

Kwa hiyo jibu langu: kama zimebaki nyingi, rusha. Kama ni moja, iache.

Nimalize hapo na kumbukumbu moja. Nilijifunza kazi ya kitambaa kwa mzee mmoja aliyekuwa amezihudumia Dragon Rapide. Shirika la East African Airways lilipoanza 1946 lilianza na ndege hizo, mabawa mawili juu na chini, injini mbili za Gipsy Six za nguvu za farasi 200. Bawa lake ni mbao na kitani. Unakivisha kitani kama foronya, unakishona kwenye mbavu kwa uzi uliopakwa nta, fundo moja baada ya jingine, umbali sawa. Halafu unapaka dopu, kimiminika cha kukaza kitambaa. Mara ya kwanza kitambaa kinalegea, unaogopa umeharibu. Ukisubiri kinajikaza chenyewe, ukigonga kwa kidole kinalia kama ngoma. Harufu yake ni ya ndizi zilizoiva sana zikichanganyika na rangi ya kucha. Mke wangu alikuwa anajua siku niliyopaka dopu kabla sijafika mlangoni.

Yule mzee alikuwa na daftari lake la vipimo vya kila bawa, miaka ishirini ya kazi. Karakana aliyokuwa ilipofungwa, madaftari yote yalichomwa uani. Nilikuwepo, nilikuwa kijana, sikusema kitu. Jakano, ndiyo sababu nakuwahisha hivi.

#13 MnunuziKSM

Mleta uzi, nina mteja wa vitu vya kale Nairobi. Propela ya mbao ya kweli inakwenda bei nzuri. Tuongee pembeni.

#14 Jakano (mleta uzi)

Ndugu, asante, lakini haiuzwi. Dani yuko hai na nyumba ni yake.

#15 JiraniWaLanet

Mbona vitu vya Afrika Mashariki viko ng'ambo tu? Mjomba wangu alihudumu ndani ya ndege za abiria za Super VC10 za East African Airways. Shirika lilipovunjika 1977 ndege nne zilizobaki zilichukuliwa na Uingereza zikageuzwa matangi ya kuzijazia mafuta ndege za kivita angani. Zilifanya kazi hiyo hadi 2013. Ile ya 5Y-ADA, yetu kabisa, na 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, zilihifadhiwa kule zilipostaafu, zikitunzwa na watu wa kujitolea. Walizipenda, siwalaumu. Ila mjomba alikufa bila kuigusa tena.

#16 MwanaWaUsoma

Ndiyo hali. Hata zile ndege boti za Solent zilizokuja baada ya vita kutua Ziwa Naivasha, hapo hapo kaunti ya Nakuru, ukitaka kuona ya aina ile nenda Oakland, Marekani, au Auckland. Hapa Kisumu Museum ilifunguliwa 1980 na ninaipenda, ile Ber-gi-Dala inafundisha boma la Mjaluo kuliko kitabu. Lakini mimi sijawahi kuona pale hata kipande kimoja cha ndege, katika mji ambao London ilikuwa inatua ziwani.

Nina pendekezo la kawaida kabisa. Tusisubiri jengo. Kila mwenye mzee aliyefanya kazi kiwanjani, kwenye mashua, stoo ya mafuta, jikoni kwa abiria, akae naye na simu iwe inarekodi. Majina ya mashua, nani alikuwa nahodha, walilipwa nini, walikula wapi. Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1937 wameondoka, lakini wake zao na watoto wao bado wanakumbuka walichosimuliwa.

#17 Jakano (mleta uzi)

Wakuu, naandika usiku huu mikono ikinuka spiriti.

Nilianza saa nane mchana, chini ya mwembe, baba mdogo akiwa amekaa pembeni amekunja mikono. Kijiti cha mianzi, pamba, taratibu. Kijani kilitoka kama ganda la yai. Buluu ilikuwa ngumu, ilinichukua saa nzima kufungua mahali pa ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Halafu nikaona mstari uliosimama. Nikadhani ni ufa. Nikaendelea, ukawa herufi. R. Kabla yake kulikuwa na O. Baba mdogo aliinuka kwenye kiti, akapiga magoti, akachukua pamba mkononi mwangu, akaendelea mwenyewe bila kusema neno.

GIPSY MAJOR.

Chini yake kuna D na P na tarakimu, nyingine bado zimefunikwa. Kesho nitaweka picha.

#18 FundiMstaafu

Mungu mkubwa. Gipsy Major ni silinda nne zilizogeuzwa kichwa chini, nguvu za farasi 130. Ndiyo injini ya Tiger Moth, ndege iliyofundisha marubani nusu ya dunia, na ya ndege nyingine kadhaa ndogo za wakati ule. Namba ya mchoro ikitoka tutajua zaidi. Kwa hiyo babu yako alipotoka ziwani alikwenda kufanya kazi kwenye ndege ndogo Nairobi. Inaingia akilini.

Muulize dani swali moja kutoka kwangu. Ndege hizo hazikuwa na stata. Mtu alisimama mbele akaizungusha propela kwa mkono. Rubani anasema swichi zimezimwa, yule wa mbele anaizungusha mara kadhaa ili mafuta yaingie kwenye silinda. Kisha anasimama vizuri, mguu mmoja tayari kurudi nyuma, anapaza sauti, "Kontakti!" Rubani anawasha swichi na kulijibu neno lilelile. Hapo anavuta mara moja kwa nguvu na kuondoka kabla injini haijashika. Wasaidizi wengi wa karakana walifanya kazi hiyo, na wengine iliwakata vidole. Muulize kama babu alifanya hivyo.

#19 BintiNjoro

Jakano, usisahau pia kumuuliza nani aliitundika ikiwa imelala. Propela ya mbao ikisimamishwa wima muda mrefu, unyevu unashuka panga la chini na mizani inaharibika. Sisi tukiegesha ndege yenye propela ya mbao tunaiacha imelala sambamba na ardhi.

#20 Jakano (mleta uzi)

Nimekaa na dani asubuhi hii, simu ikirekodi kama MwanaWaUsoma alivyosema. Nimepata dakika hamsini na mbili. Nitaziandika zote polepole, ila haya ya kwanza siwezi kungoja.

Dada wa Njoro: babu ndiye aliyeitundika, kwa mikono yake, na aliwaambia vijana waliomsaidia kwamba ilale, isisimame. Dani alitaka isimame kando ya mlango ili isimzibie mwanga. Waligombana kwa hilo. Babu alikataa katakata na hakueleza sababu.

Mzee Fundi: nilimsomea maelezo yako kwa Kijaluo, hatua kwa hatua. Swichi, kuzungusha, mguu nyuma. Nilipofika kwenye lile neno sikulitamka vizuri, nikarudia. Dani aliniangalia muda mrefu. Halafu akalitamka yeye, kwa sauti ya juu ambayo sikujua bado anayo: "Kontak!"

Akasema, "Alikuwa akiita hilo usiku, usingizini, miaka na miaka. Mimi nilidhani ni jina la mtu."

Akaomba tumsogeze karibu na propela. Iko kwenye meza mbili za shule sebuleni sasa, imelala. Akaweka kiganja juu ya zile herufi, akauliza zinasomwaje.

Baba mdogo amekwenda Kisumu kununua pamba zaidi. Picha za namba ya mchoro nitaziweka jioni mwanga ukiwa mzuri. Mzee Fundi, kaa karibu na simu.